Mbudya: baruti ya mashimo yetu inafika mpaka baharini

Sisi watu wa Kolwezi tunajua Dar es Salaam kwa jina la porti tu. Kule njo shaba yetu inaenda kupanda meli, nyuma ya safari ya kilometa zaidi ya 2000 kwa barabara, kupita Kasumbalesa, Zambia na Tunduma. Mwezi uliopita tulifika sisi wenyewe, madelege sita wa sendika, kwa mukutano pamoja na wenzetu wa migodi ya Tanzania. Siku ya yenga hakukuwa kazi. Tukasema: twende tuone bahari.

Kaskazini ya muji kuko Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, yenye serikali inalinda kama akiba ya bahari tangu 1975. Kwa Bongoyo unapanda mashua Msasani. Sisi tulichagua Mbudya, na njia yake ni Kunduchi. Unalipa tiketi ya akiba, unalipa mwenye mashua, kiisha unavua viatu, juu unaingia mu maji mpaka magoti.

Mwenzetu mumoja, mwenye kushuka chini ya udongo miaka 20 bila woga, alishika ubao wa mashua kwa mikono miwili. Mwenye mashua alicheka, tena alicheka Kiswahili chetu.

— Wazee, mmetoka wapi na maneno haya?

— Kongo, mwanetu.

— Ah, Wakongo! Karibuni sana.

Kisiwa ni kidogo. Muchanga mweupe, mawe makali ya matumbawe ya zamani, mibuyu, na vibanda vya makuti kwa kukaa kivulini. Wanakukaangia samaki na viazi. Ukigeuka unaona muji mukubwa kule ngambo, lakini kelele ya kamio haifiki. Tulipumuzika kweli.

Kiisha tulikodi maski za kuangalia chini ya maji. Mahali pamoja matumbawe yalikuwa mazima, na samaki wa rangi wanapita katikati. Mbele kidogo, vipande tu, vimelala kama chini ya kariere nyuma ya kulipua. Kati yetu kuko boutefeu, mutu wa kulipua mawe. Alitoka mu maji, akatoa maski, akasema: «Hii kazi naijua.»

Mwenye mashua alikubali. Miaka mingi wavuvi wengine walitupa baruti mu pwani hii. Mulipuko unapasua samaki ndani ya tumbo; wachache wanaelea, wengi wanazama bure. Tumbawe lenye lilikomaa miaka mingi linavunjika mara moja, na samaki wadogo wanakosa nyumba. Wavuvi wengine walipoteza mikono. Nyuma ya 2016 serikali ilikaza, na milipuko ilipunguka sana.

— Na ile baruti ilitoka wapi?

Alituangalia kidogo, akajibu kwa heshima:

— Nyingine wanatengeneza wenyewe. Nyingine inatoka kwenu, wazee. Migodini, na kwenye machimbo ya mawe.

Tulinyamaza, juu jambo hili si geni kwetu. Mu kampuni moja ya kwetu, yenye hatutaitaja, siku moja hesabu ya detonatere haikutimia. Chefu alisema ni kosa la kuandika. Sisi madelege tulisaini, kwa sababu hatukutaka mwenzetu afukuzwe. Tulifikiri tunamulinda mufanyakazi. Zile detonatere zilienda wapi? Mpaka leo hatujui. Zinaweza kukata mikono ya mutoto wa mutu mu mutaa wetu, au kuvunja nyumba ya samaki mu maji ya wengine.

Siku ya kwanza ya juma tulileta neno hili mu mukutano. Tuliomba mambo mawili: hesabu ya baruti ifanywe kila jioni na watu wawili, mumoja wa kampuni na mumoja wa wafanyakazi, tena, mwenye kusema hesabu haitimii asifukuzwe kwa sababu ya kusema. Wenzetu wa Tanzania walikubali mbele yetu.

Shaba yetu inafika Dar es Salaam na makaratasi yake yote. Baruti yenye inaibwa inasafiri bila karatasi. Wewe mwenye kushika funguo ya poudrière, na wewe delege mwenye kalamu: hesabuni kwanza, kiisha musaini.