Kompyuta ya Bei Nafuu kwa Matumizi ya Nyumbani



Wengi wetu tuna watoto walio kazini Bara, na msimu huu swali moja limeletwa kwetu zaidi ya mara moja. Je, yafaa kumnunulia mtoto kompyuta ya mezani ya bei nafuu, ile iuzwayo ikiwa imekwisha kamilika, na aichague namna gani? Mwanachama wa mwisho kuuliza ana mwana aliye mwalimu katika Wilaya ya Hanang. Tumeona vema kujibu kwa kuzitazama wilaya za Mbulu na Hanang, katika Mkoa wa Manyara, kwani kifaa kinachofaa Mjini hakifai kila mahali.

Jambo hili si dogo. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, na fedha ya msimu mwema huwa na wenyewe wengi: wachumaji, ada za shule, paa la nyumba. Mtu akitoa fungu lake kununua kompyuta, kisha ikawa nzito kama jiwe baada ya miezi sita, hasara ile hairudi mpaka mkarafuu uzae tena.

Wakati umebadilika sana. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza mitambo hiyo nchini. Leo hata Katesh na Haydom mtu ataiona madukani. Taabu ya siku hizi si kuipata, bali kuijua iliyo njema.

KAZI GANI ITAFANYA?

Kwanza mnunuzi aandike kazi anazozitaka. Mwalimu hutunga mitihani na kuichapa, huandika barua, na huweka hesabu za shamba la vitunguu au ngano. Watoto husoma vitabu katika maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na wakubwa wao hujaza maombi ya Bodi ya Mikopo, ambayo hujazwa kwa mtandao. Hizi ni kazi za kawaida, wala hazihitaji mtambo wa bei kubwa.

Kama haja yenu ni kupokea habari na kutuma fedha tu, simu yatosha, na fedha ya kompyuta ikae. Lakini kuchapa kurasa kumi kwa simu ni adhabu, na watoto watatu hawawezi kusomea kioo cha kiganjani pamoja.

AINA TATU ZIUZWAZO

Ya kwanza ni kompyuta zilizotumika maofisini Ulaya, Marekani na Ghuba, kisha zikauzwa na kusafishwa. Majina yake ya kawaida ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Zilitengenezwa kwa kazi ya kila siku, hufunguka kwa urahisi, na vipuri vyake hupatikana.

Ya pili ni vijisanduku vidogo vipya, kama kitabu kinene, ambavyo baadhi yake vina prosesa iitwayo Intel N100, iliyotoka mwaka 2023. Hula umeme kidogo mno, na kwa kazi tulizozitaja vyatosha.

Ya tatu ni mpya za bei ya chini kabisa, zenye prosesa dhaifu ya Celeron, kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 4, na ghala la gigabaiti 64 lililochomelewa ndani. Hizi hung'aa dukani. Lakini ghala lile hujazwa upesi na programu zenyewe, na mara nyingi RAM yake haiongezeki. Twawashauri wanachama wasizinunue, hata wakiambiwa ya kuwa upya wake ndio dhamana yake.

KUSOMA NAMBA ZA PROSESA

Hapa ndipo watu wengi huumia. Muuzaji husema, "Hii ni Core i7," na mnunuzi hudhani i7 yoyote yaipita i5 yoyote. Sivyo. Tazama namba ifuatayo. i7-2600 ni ya kizazi cha 2, ya mwaka 2011. i5-4570 ni ya kizazi cha 4, ya mwaka 2013. i5-8500 ni ya kizazi cha 8, ya mwaka 2018. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo ikuambiayo umri. Namba ikiwa na tarakimu tano, soma mbili za kwanza.

Umri huo una maana kubwa sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza matengenezo ya kawaida ya Windows 10, na muda wa nyongeza uliotolewa ni mfupi. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida hukubali kuanzia kizazi cha 8, pamoja na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa sababu hiyo maofisi mengi huuza mitambo ya zamani kwa wingi, na bei yake yaweza kuwa ndogo sana. Unafuu wa namna hiyo usikudanganye.

Mitambo ile ya zamani si takataka, lakini. Ikiwekewa mfumo wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, pamoja na programu za LibreOffice, ambazo hazilipiwi, itachapa barua na kufungua mtandao kwa miaka mingine. Wala Kiswahili si kigeni humo: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maneno yote kwa Kiswahili. Ila mwenye kuinunua ajue analonunua, na alipe bei ya kitu cha zamani.

Baada ya prosesa, tazama mambo mawili. RAM iwe gigabaiti 8. Ghala liwe diski ya SSD ya gigabaiti 256 au zaidi, wala si diski ya kuzunguka. Mtambo wa wastani wenye SSD humpendeza mtu kuliko wenye prosesa kali na diski ya kuzunguka, kwa kuwa katika kazi za nyumbani kungoja kwingi ni kuingoja diski.

GHARAMA ZISIZOTAJWA

Bei ya sanduku si bei ya kompyuta. Hatuandiki bei hapa, kwani hubadilika. Lakini kila mnunuzi aandike jumla ya vitu hivi: sanduku, kioo, kibodi, kipanya, nyaya, kifaa cha kushika umeme, na nauli ya basi.

Sanduku nyingi za ofisi hazina tundu la HDMI. Zina DisplayPort, na kioo cha zamani kina VGA. Bila kiungo kinachofaa, vitu viwili vizima vitakaa mezani bila kusemezana. Tena nyingi hazina Wi-Fi. Hili lina dawa: simu ikiunganishwa kwa waya wa USB huipa kompyuta mtandao, ila bando litakwisha upesi kama hukuizuia kompyuta kupakua mambo yake usiku na mchana.

Mtambo uliotoka Marekani utazamwe nyuma. Baadhi ya vigawa umeme vya zamani vina swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Swichi ikiachwa kwenye 115, kitaungua pindi kiwashwapo.

NCHI YENYEWE NA UMEME WAKE

Mji wa Mbulu uko nyanda za juu, penye baridi. Katesh iko chini ya Mlima Hanang, ambao kilele chake chapita mita 3,400, kando ya barabara ya lami ya Babati kwenda Singida. Haydom, penye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, iko ndani zaidi. Kompyuta inunuliwayo Arusha au Dar es Salaam hufika Mbulu kwa mitikisiko, hasa ikipandishwa mlima wa Magara. Kioo kifungwe kwa blanketi na kisimamishwe wima, na sanduku lifunguliwe likifika ili kuona kama kuna kipande kilicholegea.

Kwetu Unguja na Pemba adui wa kompyuta ni chumvi na unyevu. Huko, wakati wa kiangazi, adui ni vumbi. Vumbi huziba feni, joto hupanda, na mtambo hujipunguza mwendo au kujizima. Basi iwekwe mezani, isiwekwe sakafuni. Ifunikwe kwa kanga ikiwa imezimwa, wala si ikiwa inafanya kazi. Kila baada ya miezi michache ipulizwe, feni ikishikwa kwa kidole isizunguke.

Umeme wa njia ndefu hukatika, na mvua huja na radi. Kompyuta ya mezani haina betri kama ile ya mapajani. Umeme ukienda, na kazi isiyohifadhiwa imekwenda. Kwa hiyo UPS ndogo si anasa. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, wala si kukuwezesha kufanya kazi saa nzima. Betri yake huchoka baada ya miaka michache, hivyo nayo iwekwe katika hesabu. Radi ikinguruma, chomoa waya ukutani.

Ulaji wa umeme wahesabika. Sanduku la ofisi na kioo chake tuseme vinakula wati 80. Kwa saa 4 kila siku, mwezi ni uniti 9.6. Kijisanduku kidogo na kioo, tuseme wati 40, ni uniti 4.8. Kwa mwenye LUKU tofauti hiyo ni ndogo. Kwa nyumba ya sola yaweza kuwa ndiyo tofauti ya kuwaka na kutowaka.

KUPIMA DUKANI

Mnunuzi wa karafuu hazitazami kwa juu tu. Hutia mkono ndani ya gunia. Nanyi fanyeni vivyo hivyo:

1. Iwashwe mbele yako. Yenye SSD haitakiwi kuzidi dakika moja au karibu yake.
2. Bonyeza pamoja Ctrl, Shift na Esc, kisha fungua ukurasa wa utendaji. Hapo utaona jina la prosesa, RAM na aina ya diski. Linganisha na maneno ya muuzaji.
3. Hakikisha Windows ni halali na imesajiliwa.
4. Iache ikifanya kazi nusu saa. Sikiliza feni, na jaribu kila tundu la USB.
5. Izime, chomoa waya kwa dakika chache, kisha iwashe. Saa ikirudi nyuma, betri ndogo ya CR2032 imekwisha. Ni kitu cha bei ndogo, lakini tarehe ikikosea tovuti nyingi hukataa kufunguka.
6. Chukua risiti yenye namba ya mtambo, na muda wa dhamana uandikwe.

SHAURI LETU

Kwa mwalimu wa Hanang mwenye umeme wa gridi, twaona yafaa sanduku la ofisi lililotumika, kizazi cha 8 au zaidi, RAM gigabaiti 8, na SSD, pamoja na UPS. Kwa nyumba ya sola, kijisanduku kidogo ni bora. Kwa mwenye umeme wa kukatika siku nzima, au mwenye kuhamishwa mara kwa mara, kompyuta ya mapajani yamfaa zaidi kuliko zote mbili.

Neno la mwisho ni la nakala. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang juu ya Katesh na vijiji vyake, vikaua watu wengi na kuzoa nyumba. Roho za watu ndizo za kwanza kuliliwa. Lakini waliopona walibaki kutafuta pia vyeti na hati zao. Kompyuta yaweza kuhifadhi picha za karatasi hizo. Ziwekwe pia mahali pengine, kwa ndugu aliye mbali au katika hifadhi ya mtandaoni. Fedha ya karafuu ikinunua utulivu huo, haikupotea.

Mwanachama mwenye swali zaidi na alilete kwa Katibu, akiandika namba za mtambo anaotaka kuununua, nasi tutamjibu kabla hajalipa.