Kuitambua Hati Kabla ya Kuitumia: Nyenzo za Mtandaoni kwa Walimu Tarajali Wapya wa Mbeya na Iringa

Utangulizi

Makala haya yanaanzia kwenye andalio moja la somo. Mwalimu tarajali wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya msingi wilayani Rungwe, alimkabidhi mwandishi wa makala haya andalio la somo la Kiswahili la darasa la tatu. Liliandikwa kwa mwandiko safi na kila kisanduku kilikuwa na maelezo. Hata hivyo, safu mojawapo ilikuwa na kichwa "Maswali dadisi", na juu yake palisomeka "Umilisi wa kimsingi". Istilahi hizo hazimo katika muhtasari wa Tanzania. Ni istilahi za mtaala wa Kenya, nchi ambayo husema umilisi pale ambapo Tanzania husema umahiri, na gredi pale ambapo sisi husema darasa. Mwanachuo huyo hakuwa mzembe. Alitafuta kwa Kiswahili kama alivyoshauriwa na mkufunzi wake, akapata hati iliyoandikwa kwa Kiswahili, akaiamini kwa sababu hiyo hiyo.

Mjadala kuhusu nyenzo za mtandaoni katika vyuo vya ualimu huelekezwa mara nyingi kwenye uhaba: uhaba wa kompyuta, wa umeme, wa fedha za kununulia kifurushi cha intaneti. Uhaba huo upo na makala haya hayaupuuzi. Lakini hoja inayotetewa hapa ni kwamba kikwazo kikubwa zaidi kwa mwalimu tarajali mpya ni utambuzi. Hati aliyoipata ni ya nani? Ni ya mtaala upi? Ni ya mwaka gani? Aidha, makala yanadai kuwa utambuzi huo hutegemea ujuzi wa istilahi za kazi ya ualimu zaidi ya unavyotegemea ujuzi wa kompyuta.

Njia ambazo hati hupitia

Mikoa ya Mbeya na Iringa ina vyuo vya ualimu vya muda mrefu, mathalani Tukuyu na Mpuguso wilayani Rungwe na Kleruu mjini Iringa. Kwa upande wa shahada, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilianzishwa mwaka 2005 mahali palipokuwa Shule ya Sekondari ya Juu ya Mkwawa, kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika vyuo vya aina zote mbili, mwanachuo mpya hufika akiwa na simu janja kabla hajawa na kadi ya maktaba.

Jambo ambalo mtafiti hana budi kulizingatia ni kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa nyenzo za mtandaoni haimfikii mwanachuo kutoka kwenye tovuti iliyoitoa. Humfikia kupitia kundi la WhatsApp la darasa, kutoka kwa mwenzake wa mwaka wa pili, au kutoka kwenye duka la steshenari lililo jirani na chuo, ambako maazimio ya kazi yaliyokwisha kuandaliwa huuzwa na kuhamishiwa kwenye simu. Faili linalopita mikono mingi hupoteza mambo mawili: jina lake la awali na jalada lake. Mtu mmoja hukata kurasa za mwanzo ili lipungue ukubwa, mwingine huliita "azimio jipya", na wa tatu hulibadili kutoka PDF ili aweze kuandika jina la shule yake. Likifika kwa mwanachuo mpya halina tena mwaka wala mtoaji. Kwa hiyo shauri la kawaida la kuangalia mwandishi na mwaka wa uchapishaji, ambalo hutolewa katika mihadhara ya stadi za maktaba, halimsaidii mtu ambaye hati yake imenyolewa vyote viwili. Anahitaji kuisoma hati yenyewe na kuipatia umri kutokana na maneno yaliyomo.

Kusoma umri wa hati

Haja hiyo imekuwa kubwa zaidi tangu mabadiliko ya mtaala. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu, na katika shule za msingi ulianzia elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Kwa mpangilio huo, mwaka 2025 darasa la nne lilikuwa katika mtaala mpya ilhali darasa la tano, chumba cha pili yake, liliendelea na mtaala wa zamani. Wanafunzi walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watahitimu darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kundi la mwisho la mtaala wa zamani litahitimu darasa la saba. Mwalimu tarajali anayepangiwa vipindi katika madarasa mawili ya shule moja anaweza basi kuhitaji mihtasari ya mitaala miwili kwa wiki moja. Akikosea, mwanafunzi wa darasa la nne hufundishwa kitu ambacho hakitapimwa, na kinachopimwa hubaki bila kufundishwa.

Alama ya kwanza ya kutambulisha ni jina la somo. Azimio lenye somo la Uraia na Maadili au Maarifa ya Jamii ni la mtaala wa zamani wa shule za msingi. Lenye Historia ya Tanzania na Maadili au Jiografia na Mazingira ni la mtaala mpya. Masomo ya Kiswahili na Hisabati hayasaidiwi na alama hii kwa kuwa majina yake hayakubadilika, na ndiyo sababu makosa hutokea zaidi humo.

Alama ya pili ni vichwa vya safu. Muhtasari wa sekondari wa mwaka 2005 hupanga maudhui kwa mada, mada ndogo na malengo mahususi. Mihtasari ya mwaka 2023 hupanga kwa umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli za ujifunzaji. Tahadhari inahitajika hapa. Baadhi ya wakufunzi huwaambia wanachuo kwamba neno "umahiri" ni dalili ya mtaala mpya. Sivyo. Mihtasari ya shule za msingi iliyotolewa kuanzia mwaka 2015 nayo ilitumia umahiri mkuu na umahiri mahususi. Neno hilo hutenganisha hati ya Tanzania na ya Kenya vizuri kuliko linavyotenganisha hati mpya ya Tanzania na ya zamani, na mwanachuo anayelishika peke yake atapotea tena akiwa na uhakika zaidi.

Alama hizi si siri. Mkufunzi mzoefu huzitambua kwa kutupa jicho. Tatizo ni kwamba amezizoea kiasi cha kutoona haja ya kuzitamka, na mwanachuo wa mwaka wa kwanza hana mahali pengine pa kuzisikia.

Maneno ya kutafutia

Mwanachuo anayetafuta kwa Kiingereza hupata hati nyingi, nyingi zikiwa za Marekani na Uingereza, zenye muundo wa somo usiolingana na wa hapa. Anayetafuta kwa Kiswahili hukutana na matatizo mengine. Neno "muhtasari" humletea mihtasari ya vikao na ya vitabu. Neno "somo" humletea masomo ya Biblia kwa wingi, jambo ambalo lina manufaa yake lakini si kwa kipindi cha Hisabati. Vilevile, anayeandika "muhtasari" huenda asionyeshwe hati iliyoandikwa "mihtasari", hivyo ni lazima ajaribu umoja na wingi. Maneno mawili ya kitaaluma yakiwekwa pamoja, kama "andalio la somo" au "azimio la kazi", pamoja na jina la darasa na la somo, huleta matokeo yaliyo bora kuliko neno moja. Hata hivyo, pasipo neno "Tanzania" hati za Kenya zitakuja pia, kama ilivyotokea Rungwe.

Vyanzo vinavyostahili kuanziwa

Kwa muhtasari na kitabu cha kiada, chanzo ni Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo maktaba mtandao yake huruhusu vitabu kusomwa bila malipo. Hapo hapahitaji maelezo marefu: mwanachuo aliyepata faili kwa njia nyingine yoyote alilinganishe na lililoko huko kabla ya kuliandikia andalio.

Chanzo kinachostahili kuzungumziwa zaidi, kwa kuwa wanachuo wapya hukipita bila kukitazama, ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Wanachuo huenda kwenye tovuti ya Baraza kutafuta matokeo na mitihani iliyopita, kisha huondoka. Taarifa hizo hueleza, swali kwa swali, kilichotakiwa, jinsi watahiniwa walivyofanya na sababu za waliokosa, na huambatisha vielelezo vya majibu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe, mazuri na mabaya. Mwalimu tarajali ambaye hajawahi kusahihisha daftari hata moja anaweza kuona humo jinsi mtoto anavyochanganya methali na nahau, au anavyoandika insha nzima bila kuligusa swali. Kitabu cha mbinu za kufundishia humweleza kwamba wanafunzi hukosea. Taarifa hizi humwonyesha kosa lenyewe. Udhaifu wake ni kwamba taarifa za miaka iliyopita zinahusu mitihani ya mtaala wa zamani. Lakini mtaala ukibadilika, namna mtoto anavyoelewa vibaya haibadiliki kwa kasi hiyo.

Kwa mbinu za darasani zipo nyenzo za TESSA, mpango ulioanza mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo kadhaa vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Zipo kwa Kiswahili na leseni yake inaruhusu kuzirekebisha. Ruhusa hiyo itumike: zoezi la kuhesabu linaweza kufanywa kwa parachichi na mikungu ya ndizi kule Tukuyu, au kwa miche ya miti kule Mufindi, bila kumwomba mtu kibali. Hadithi fupi za watoto hupatikana katika African Storybook, ingawa msomaji atakutana humo na Kiswahili cha maeneo mbalimbali na hana budi kuhariri. Wanachuo wa shahada wanayo pia majarida ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, likiwemo Kioo cha Lugha.

Hati zinazotoweka

Iringa inatoa funzo ambalo Mbeya haikulipata kwa namna ileile. Kati ya mwaka 2016 na 2021 mradi wa Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na shirika la misaada la Marekani, USAID, ulifanya kazi ya kukuza usomaji wa awali katika mikoa ya Iringa, Morogoro, Mtwara na Ruvuma pamoja na Zanzibar, na ulifuatiwa na Jifunze Uelewe katika maeneo hayohayo. Mbeya haikuwemo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje na tovuti ya shirika hilo ikazimwa. Viungo vilivyoelekeza kwenye tovuti hiyo, pamoja na taarifa na nyenzo zilizohifadhiwa humo, viliacha kufunguka. Shule iliyochapa nakala ingali nazo. Mwanachuo aliyehifadhi kiungo tu katika simu yake ana anwani ya nyumba iliyobomolewa.

Tukio hilo linamhusu pia mtahini wa tasnifu. Mtafiti wa elimu ya Nyanda za Juu Kusini aliyerejelea hati za miradi hiyo kwa anwani ya tovuti pekee hawezi sasa kuthibitishwa, hata kama alisoma alichosema alisoma. Katika vyuo, hatua ya kwanza haihitaji bajeti: kompyuta moja ya maktaba iwe na mafaili kamili yenye majalada, yaliyopakuliwa moja kwa moja kutoka kwa mtoaji, kila moja likiwa na tarehe ya kupakuliwa, na wanachuo wa mwaka wa kwanza wanakili kutoka hapo katika wiki ya kwanza, kabla kundi la WhatsApp halijawafikia. Andalio la Rungwe liliandikwa upya jioni ileile. Kilichochukua muda kilikuwa kulipata faili la muhtasari ambalo bado lilikuwa na ukurasa wake wa kwanza.