Islay: Kisiwa cha wiski kinachoelemewa na wageni wake

Kivuko kinachoondoka Kennacraig, kwenye pwani ya magharibi ya Scotland, huchukua takriban saa mbili kufika kisiwa cha Islay. Katika sitaha ya magari hupangwa pamoja wasafiri wasiofanana: wenyeji wanaorejea kutoka kwa daktari bingwa bara, watalii waliotoka mbali kuja kuonja wiski, na malori ya viwanda. Malori hayo huingia na shayiri na mapipa matupu, na hutoka na wiski. Majira ya joto nafasi huwa haba, na chombo kikiharibika au bahari ikichafuka, kuna anayebaki gatini.

Islay ina wakazi wapatao 3,000 tu, lakini ina viwanda kumi vya wiski vinavyofanya kazi, na vingine vinajengwa. Majina yake, kama vile Laphroaig, Lagavulin, Ardbeg na Bowmore, yanajulikana Tokyo na New York kuliko jina la kisiwa chenyewe. Utalii wa aina hii umekua kwa kasi: kabla ya janga la korona, viwanda vya wiski vya Scotland kwa jumla vilikuwa vikipokea ziara zaidi ya milioni mbili kwa mwaka.

Mgeni anakuja kuona nini hasa? Kazi yenyewe si ngeni kwa mtu wa Afrika Mashariki. Shayiri hulowekwa, huoteshwa, kisha hukaushwa ili iwe kimea, neno ambalo kila mpishi wa togwa analifahamu. Kimea husagwa, huchanganywa na maji ya moto ili kutoa sukari, kisha hutiwa hamira na kuachwa kuchachuka. Kinachopatikana hufanana na bia. Hicho huchemshwa katika mitungi mikubwa ya shaba, mvuke hunaswa na kupozwa, na kwa kawaida zoezi hurudiwa mara mbili. Aliyewahi kuona mtambo wa chang'aa au gongo atautambua mtungi ule mara moja, ingawa wa Islay hung'arishwa na hukaguliwa na serikali.

Tofauti kubwa huanzia kwenye moshi. Islay haina misitu mingi, hivyo kwa karne nyingi watu wake walipata moto kwa kuchimba mboji nyeusi ya vinamasi, kuikata vipande kama matofali na kuianika. Kimea kikikaushwa juu ya moto wa mboji hiyo, hushika harufu ya moshi inayowakumbusha wengine dawa ya hospitali, na wengine mwani uliotupwa ufukweni. Wapo wanaoichukia kwa onjo la kwanza, na wapo wanaovuka bahari kwa ajili yake. Viwanda vingi vya kisiwa hununua kimea kilichokwisha kukaushwa, lakini Laphroaig, Bowmore na Kilchoman bado vinatandaza sehemu ya shayiri yao sakafuni na kuigeuza kwa mikono, na hapo ndipo wageni husimama muda mrefu zaidi.

Baada ya hapo kinachotakiwa ni subira. Sheria inataka wiski ya Scotland ikae katika mapipa ya mwaloni, humo humo Scotland, kwa miaka isiyopungua mitatu, na nyingi hukaa kumi au zaidi. Mengi ya mapipa hayo yametoka Marekani, ambako sheria hulazimisha bourbon kukomazwa katika pipa jipya, kwa hiyo lililotumika hutafutiwa mnunuzi. Kila mwaka karibu asilimia mbili ya kilichomo huvukia hewani. Wafanyakazi huliita fungu la malaika, na mgeni anayeingia ghalani hulinusa bila kulipia.

Anayeendesha gari hapaswi kuonja. Tangu Desemba 2014 kiwango cha kilevi kinachoruhusiwa kwa dereva wa Scotland ni miligramu 50 katika mililita 100 za damu, chini ya kile cha England ambacho ni 80. Viwanda vingi humpa dereva sehemu yake katika kichupa akanywe jioni. Na asiyekunywa kabisa, kwa sababu ya dini au afya, anaweza kuzungushwa kiwandani bila kugusa glasi.

Faida ya haya yote inakwenda wapi? Viwanda huajiri watu, na wageni hujaza hoteli na migahawa. Hata hivyo, wamiliki wengi wako mbali. Laphroaig na Bowmore ni mali ya Suntory ya Japani, Ardbeg ni ya LVMH ya Ufaransa, na Lagavulin, Caol Ila na Port Ellen ni vya Diageo yenye makao London. Ushuru wa pombe nao huingia katika hazina ya serikali kuu. Kinachobaki kisiwani ni mishahara, pamoja na foleni ya kivuko na kodi za nyumba.

Nyumba ndiyo kero inayouma zaidi. Nyumba inayokodishwa kwa watalii kwa wiki haipatikani tena kwa mwalimu, muuguzi au kijana anayetaka kuanza familia, na viwanda vyenyewe vinapata shida kuwapangisha wafanyakazi wao wapya. Juni 2023 halmashauri ya Argyll and Bute, inayosimamia Islay, ilitangaza hali ya dharura ya makazi, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo nchini Scotland. Sheria iliyopitishwa mwaka 2024 inaziruhusu halmashauri kutoza wageni ada ya malazi. Lakini ada hiyo haimgusi anayeshuka kutoka meli ya kitalii asubuhi na kuondoka jioni.

Mboji nayo ina mjadala wake. Hujijenga kwa takriban milimita moja kwa mwaka na hufungia kaboni ardhini, sawa na vinamasi vikubwa vya bonde la Kongo. Wenye viwanda hujitetea kwamba sehemu kubwa ya mboji inayochimbwa Uingereza huishia kwenye bustani. Hoja hiyo ni ya kweli, ila hairudishi kilichokwisha kuchomwa.

Pamoja na malalamiko hayo, ni vigumu kupata mwenyeji anayetaka viwanda vifungwe, kwa kuwa wazee wanakumbuka ilivyokuwa. Mwaka 1983, soko la wiski lilipoporomoka, Port Ellen kilifungwa, na kikafunguliwa tena Machi 2024 tu. Bruichladdich nacho kilisimama katikati ya miaka ya 1990 hadi 2001. Mjini Bowmore, ghala la zamani la kiwanda limegeuzwa bwawa la kuogelea la umma, na maji yake hupashwa joto kwa mabaki ya joto la mitungi ya shaba. Watoto wa kisiwa hujifunza kuogelea humo hata wakati wa baridi, watalii wakiwa wachache na kivuko kikiwa na nafasi.