Jua la Dar na Uzito wa Oili

Katika gereji nyingi za Tanzania na Kenya kuna kauli iliyokwisha kuwa sheria: nchi yetu ni ya joto, kwa hiyo gari linataka oili nzito. Gari dogo kutoka Japani, lenye kifuniko cha injini kilichoandikwa 0W-20 au kitabu kinachotaja 5W-30, humwagwa oili na kujazwa 20W-50, na mwenyewe huambiwa kwamba ile ya Wajapani ni nyepesi kama maji, iliyotengenezewa theluji. Kauli hiyo hutolewa kwa nia njema na ina mantiki yake, kwani kila aliyewahi kukaanga samaki anajua kwamba mafuta yakipata moto huwa mepesi. Kosa lake ni moja: inadhani joto linalolegeza oili ni la jua, wakati ni la injini yenyewe, nalo lina mlinzi.

Mlinzi huyo ni thamostati, kifaa kidogo kilichokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Maji yakiwa ya baridi hufunga njia; yakifika nyuzi 80 na kitu za Selsiasi huifungua. Ndiyo maana gari lililo kwenye foleni ya Ubungo mchana wa Februari na gari linalopita kwenye theluji ya Sapporo, yakishapata moto, maji yake huwa na joto linalokaribiana sana, na oili kwa kawaida hucheza kati ya nyuzi 90 na 110. Kinachoweza kuipandisha zaidi ya hapo ni mzigo. Gari lililojaa abiria na mizigo likipanda mlima Kitonga huchemsha oili kuliko jua lolote la Pwani.

Namba zilizo kwenye kopo zimepangwa na kiwango cha SAE kwa kufuata hali hizo mbili, ya baridi na ya moto. Namba ya pili inapimwa oili ikiwa na nyuzi 100: ya 30 lazima iwe na mnato, yaani uzito wa oili katika kutiririka, wa sentistoki 9.3 hadi 12.5, na ya 50 kuanzia 16.3 hadi 21.9. Namba yenye W inahusu kuwasha injini kwenye baridi kali: 5W hupimwa nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W nyuzi 15 chini ya sifuri. Msomaji makini atauliza, sasa baridi hiyo iko wapi kwetu, hata Njombe mwezi Julai? Haiko, na ni haki kukiri kwamba hakuna injini ya Dar es Salaam itakayogoma asubuhi kwa sababu ya 20W. Lakini hata oili yenye nyuzi 40, ambayo mkono wetu ungeiita ya moto, kwa injini bado ni baridi. Oili ya kawaida ya 5W-30 katika joto hilo ina mnato wa sentistoki 60 hivi, karibu mara sita ya ule ilio nao ikiwa kazini. 20W-50 inafika 160 hivi. Anayeendesha dakika kumi kupeleka watoto shule kisha akazima gari huishi zaidi katika hali hiyo ya baridi, injini yake ikisukuma kitu kizito kuliko kile ilichoundiwa.

Hoja kwamba uzito ndio ulinzi inahitaji kutazamwa kwa karibu, maana ina nusu ya ukweli. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alitoa ripoti ya majaribio yake juu ya beringi za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili, lakini mashine ilipozunguka, oili ikapanda na kutoka tunduni. Akaziba kwa kizibo cha mbao, nacho kikasukumwa nje. Alipofunga geji, ikaonyesha shinikizo zaidi ya maradufu ya wastani wa uzito uliobebwa. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu kilichotokea: chuma kinachozunguka huikokota oili kuingia kwenye nafasi inayozidi kuwa nyembamba, kama kabari, na kabari hiyo ndiyo inayokinyanyua chuma. Utando wenyewe una unene wa mikromita chache tu. Mnato ukiongezeka, utando huongezeka pia. Hiyo ndiyo nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba mnato huo huo huzalisha msuguano na joto ndani ya oili, na huchelewesha oili kufika juu kwenye kamshafti na kwenye vijia vyembamba vinavyoendesha VVT-i, mfumo wa Toyota unaorekebisha muda wa valvu kufunguka.

Fundi mzoefu atajibu: nimeona kwa macho yangu, taa ya oili ilikuwa inawaka, nikaweka nzito, ikazima. Amesema kweli, ila taa ile hupima shinikizo, na shinikizo si mtiririko. Beringi zikishalika, oili hupita haraka na shinikizo hushuka. Oili nzito hupata shida kupita, shinikizo likapanda, lakini beringi zimebaki vile vile. Tena oili ikiwa nzito mno wakati wa baridi, valvu ya pampu hufunguka na kurudisha sehemu yake kwenye sampu kabla haijafika popote.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba Wajapani walichagua 0W-20 ili kubana matumizi ya petroli. Ni kweli. Na Toyota yenyewe, katika vitabu vya magari hayo, huandika kwamba namba ya pili iliyo kubwa zaidi inaweza kufaa kwa mwendo mkali au mzigo mzito, na baadhi ya vitabu vyake vya magari ya nchi za joto vina jedwali linalofika hadi 20W-50. Kwa hiyo kutoka 20 kwenda 30 kwa gari linalobeba mizigo si dhambi. Kuruka hadi 50 kwa injini ambayo kitabu chake hakiitaji kabisa ni jambo jingine.

Wakati tunabishana juu ya uzito, injini nyingi zinanoki kwa sababu ya upungufu. Injini ndogo hubeba lita tatu hadi nne, na kati ya alama ya chini na ya juu kwenye dipstiki mara nyingi kuna karibu lita moja. Gari lililofika alama ya chini limepoteza robo au zaidi, na taa bado haijawaka, kwa sababu itawaka pampu itakapoanza kunyonya hewa. Gari lisimame sehemu tambarare, lizimwe dakika tano au zaidi, kijiti kifutwe, kichomekwe, kisomwe. Nyongeza iwe kidogo kidogo, nusu lita au chini ya hapo, halafu upime tena, maana ikizidi, kranki huipiga ikatoa povu, na povu halibebi chuma. Ukiishiwa Chalinze na chapa yako haipo, oili nyingine ya petroli yenye alama halisi ya API SN au SP itachanganyika nayo bila madhara.

Kiasi unachoongeza kiandikwe pamoja na kilomita. Toyota huhesabu hadi lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa kikomo. Ikizidi, tandika boksi chini ya injini usiku kucha utafute tone. Boksi likiwa kavu, tazama moshi wa bluu: ukitoka wakati wa kuwasha tu, mara nyingi ni sili za valvu, ukitoka kila unapokanyaga mafuta, tazama ringi.