Kizingiti Kinavyoleta Ugonjwa

Tumezoea kuhimizana kunywa maji ya kutosha, tena yaliyochemshwa. Mwezi huu tumtazame mtu ambaye maji anayo, safi, mtungini, karibu na kitanda chake, na bado hayanywi. Hayanywi kwa sababu akiyanywa itambidi aende chooni, na chooni hafiki.

Mtu huyo aweza kuwa kijana aliyepooza miguu, mzee anayetembelea magongo, au bibi aliyevunjika nyonga. Choo kiko nyuma ya nyumba, pembeni mwa ua. Njiani kuna vidato viwili, jiwe lililochomoza, na tope wakati wa mvua. Mlango ni mwembamba, ndani hamna pa kushika, na tundu linamtaka achuchumae. Kwa hiyo abebwe, ama atambae kwa mikono juu ya udongo ambao wengine wanaukanyaga kwa viatu. Na minyoo ya safura, kama tujuavyo, huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Basi anajipangia mwenyewe: kikombe kimoja asubuhi, nusu kikombe mchana, kisha anasubiri mtoto wa kumbeba arudi kutoka shule. Mkojo unakaa kwenye kibofu saa nyingi, vijidudu vinazaliana, homa inakuja. Maambukizo yakipanda hadi kwenye figo, maisha yake yamo hatarini. Zahanati watampa dawa, na dawa itamsaidia, lakini akirudi nyumbani atavikuta vidato vile vile.

Wengi wetu hudhani kwamba ulemavu wote umo katika mguu wa mtu. Mguu una sehemu yake, hatukatai. Lakini kizingiti kilijengwa na fundi, tena kwa maelekezo yetu sisi wenye nyumba, na fundi huyo huyo aweza kukirekebisha kwa siku moja.

Sisi wa Mlandege na mitaa mingine ya Iringa tunao ugumu wetu wa pekee, kwa kuwa mji umekaa juu ya mlima, ukilitazama bonde la Ruaha Mdogo. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye mteremko, milango ina ngazi, na kando ya barabara kuna mitaro ya maji ya mvua inayovukwa kwa ubao au kwa kuruka. Mwenye miguu mizima haioni mitaro hiyo. Mwenye kiti cha magurudumu huishia hapo. Asiyeona huijua kwa kutumbukia.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi, asilimia 11.2 walikuwa na ulemavu wa aina fulani. Sensa ya 2012 ilikuwa imeonyesha asilimia 9.3. Hiyo asilimia 11.2 ni kama mtu mmoja katika kila watu tisa. Ni kweli kwamba ulemavu wa wengine hauonekani kwa macho, kama vile uziwi. Hata hivyo, hesabu katika jumuiya yako ndogo ndogo: ni wangapi mnaosali nao, na ni wangapi mnaosikia tu kwamba wako ndani?

Injili ya Marko, sura ya 2, inasimulia habari za watu wanne waliombeba mwenye kupooza. Walipozuiwa na umati wakalitoboa dari, wakamteremsha. Mwinjili hatuambii kama mwenye nyumba alilalamika. Mara nyingi tunawasifu wanne wale kwa kubeba, tukasahau kwamba walibomoa pia. Kubebwa kuna taabu yake: anayebebwa kila Jumapili huingia kwa saa ya wengine na kutoka kwa saa ya wengine. Akitaka kwenda haja katikati ya Misa, awaite tena wanne?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mahali penye ngazi hujengwa mteremko wa zege. Kosa linaloonekana mahali pengi ni kuufanya mfupi na mkali mno, hata kiti kikarudi nyuma na kumwangusha mtu. Kanuni inayokubalika ni hii: kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Kidato kimoja cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Ngazi tatu za kimo hicho zinahitaji mita 5 na sentimita 40. Ukumbi ukikosa nafasi hiyo, mteremko unaweza kukunjwa, mradi kwenye kona pawe na sehemu tambarare ya mita moja na nusu kila upande ili kiti kiweze kugeuka. Upana usipungue sentimita 90. Mita moja na zaidi ni bora. Pembeni kuwe na ukingo mdogo wa kuzuia gurudumu lisichepuke, na bomba au mti imara wa kushika, kimo cha sentimita 90 hivi. Na tafadhali, fundi asiupige niru. Sakafu ya niru inapendeza siku ya kuzinduliwa, ila ikilowa mvua huwaangusha wenye magongo na wasio na magongo. Zege likwaruzwe kwa ufagio mgumu kabla halijakauka.

Kwa kidato kimoja cha nyumbani, mawe ya kujazia, mchanga, kokoto na mfuko mmoja au miwili ya saruji hutosha. Mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 au zaidi. Mahali pengine inatosha kuufanya ufungukie nje. Chooni, seremala atengeneze kiti chenye tundu katikati, kisichotikisika, cha kuweka juu ya shimo, na ukutani kichimbiwe kipande cha bomba cha kushika wakati wa kukaa na kuinuka. Choo cha namna hiyo hawakitumii wenye ulemavu peke yao. Mama mjamzito aliye karibu kujifungua atakishukuru, na babu mwenye magoti mabovu pia.

Yafaa tuseme neno juu ya viti vya magurudumu. Hutokea msamaria mwema akaleta kiti kinachong'aa, cha aina inayotumika ndani ya hospitali, chenye magurudumu madogo mbele. Kwenye njia zetu za mawe na tope magurudumu hayo huzama. Kiti kinachofaa huku kina gurudumu la mbele kubwa au kimeundwa kirefu kwenda mbele, nacho kimepimwa kwa mwili wa mwenyewe. Huko Moshi, chuo cha TATCOT kilichoko KCMC kimefundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981, na wa vifaa vya namna hii pia, kwa hiyo utaalamu upo nchini. Pamoja na kiti kuwe na mto wa kukalia. Aliyepoteza hisia za miguu na makalio hasikii maumivu ya kukaa mno, na vidonda vya kulalia huanza kama wekundu au weusi kidogo tu wa ngozi, kisha vikachimba hadi mfupa. Vidonda hivi huua. Anayekaa ajiinue kwa mikono kila baada ya nusu saa au mapema zaidi, anayelala ageuzwe kila baada ya saa mbili, na ngozi ichunguzwe kila siku, hasa makalioni, kiunoni na visiginoni.

Kwa viziwi zege halisaidii. Hapa Iringa tunacho kielelezo cha ndugu zetu Waanglikana: kituo cha Neema Crafts kilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, na katika mgahawa wake wateja waliandika wanachotaka kwenye karatasi, wakahudumiwa na viziwi bila shida. Karatasi na kalamu zaweza kuwekwa pia kwenye dirisha la dawa na katika ofisi ya parokia. Muuguzi anayejua lugha ya alama ni bora zaidi, kwani wapo viziwi ambao hawakusoma.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inataka majengo yanayotumiwa na umma yaweze kufikiwa na watu hawa, na nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2009. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa au afisa ustawi wa jamii akiulizwa habari ya mtaro usio na kivuko mbele ya zahanati, haombwi hisani.

Jumuiya inayotaka kuanza ianze kwa kumwuliza mwenyewe. Yafaa viongozi wa jumuiya, WAWATA na fundi mmoja waende nyumbani kwake, watembee pamoja naye, au pamoja na kiti chake, kutoka kitandani hadi chooni, kisha hadi barabarani, hadi zahanati, hadi kanisani, wakipima kila mahali anaposimama. Huenda akawaambia kwamba mteremko wa kanisani waweza kusubiri, choo kwanza. Wamsikilize. Zege likishamwagwa limwagiwe maji kwa siku saba, na watoto wasilikanyage. Na kwa kuwa mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba, ni vizuri vipimo viwe vimechukuliwa kufikia Septemba.