Kufuga, kulea au kuasili? Mbwa aliyeachwa anapoingia ndani ya lupango

Kifaransa kina kitenzi kimoja, « adopter », kwa mtoto yatima na kwa mbwa aliyeokotwa. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua. Tukisema kufuga, tunafikiri mbuzi, kuku, au mbwa wa kulinda: mnyama analishwa kwa sababu ana faida. Tukisema kulea, tunafikiri mtoto. Kuasili ni neno la sheria: mtoto wa wengine anapewa haki za mtoto wa nyumbani. Ni lipi linafaa kwa mbwa aliyeachwa? Kabla ya kujibu, tuangalie kazi yenyewe.

Mwaka 1860, Mary Tealby alifungua huko London makao ya mbwa waliopotea. Mwaka 1871 makao hayo yalihamia mtaa wa Battersea, na yapo hadi leo. Katika makao ya namna hiyo, anayetaka mbwa huulizwa maswali kwanza: Unaishi wapi? Kuna watoto wadogo? Nani atabaki naye mchana? Mara nyingi mbwa hutolewa akiwa amekwisha kuchanjwa na kuhasiwa. Kwetu Lubumbashi, mbwa wengi walioachwa hawapitii makao yoyote. Jamaa imehama, nyumba imeuzwa, mbwa amebaki mlangoni. Basi kazi yote ya makao inamwangukia yule anayemchukua.

Kazi ya kwanza ni afya. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apate dawa ya minyoo na chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa. Karibu visa vyote vya ugonjwa huu kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishatokea, mgonjwa haponi ila kwa nadra sana. Mbwa anaweza kubeba virusi kwa wiki au miezi huku akionekana mzima. Ndiyo maana macho hayatoshi. Akimng'ata mtu, oshweni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku ileile kutafuta chanjo. Mbwa huyo asiuawe upesi: akiweza kufungwa salama, aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa akiambukiza alipong'ata.

Kazi ya pili ni kumpa muda. Watu wa makao wana kanuni ya tatu tatu: siku 3 za kwanza mbwa ana hofu, pengine hali wala hatoki pembeni, wiki 3 anajifunza saa za nyumba, miezi 3 anaanza kujiona wa hapo. Wengi humrudisha barabarani katika siku zile za kwanza, wakidhani ni mkali au mjinga. Mpe pembe tulivu, maji na bukari yenye samaki au nyama kidogo, bila vitunguu wala mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika na kutoboa matumbo. Usimkazie macho, mwache akufuate mwenyewe.

Kazi ya tatu ni kujiuliza, hasa sisi wanafunzi: nikimaliza masomo na kurudi kwetu, nani atabaki naye? Mbwa anaweza kuishi miaka zaidi ya 10. Masomo yetu hayafiki nusu yake. Kama jibu halipo, afadhali kumsaidia jirani kulipia chanjo ya mbwa wake.

Tumalizie na neno jingine. Mbwa wa Kongo asiyebweka anajulikana duniani kwa jina la basenji, jina lenye undugu na neno letu washenzi. Mnamo 1895 walipelekwa Uingereza kwa maonyesho, wakafa muda mfupi baadaye kwa ugonjwa wa mbwa ambao leo una chanjo. Leo mbwa wa jina hilo huuzwa ghali Ulaya na Marekani, na ndugu zake wa hapa huitwa mbwa wa ovyo.

Kwa maoni yetu, kuasili ni neno zito mno, kwa kuwa hakuna hakimu wala urithi. Kufuga hakutoshi, kwa kuwa kunasubiri faida. Kulea kunabeba chanjo, subira na swali la kesho. Tunalipendekeza hilo, na tunangoja wenye hoja nyingine.