Kabla ya Kukata Kamba za Beli

Je, mtu ajuaje kwamba yu tayari kujifanyia biashara?

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, njia ziingiazo soko la Gikomba katika jiji la Nairobi huwa zimekwisha kujaa watu. Wachukuzi husukuma mikokoteni huku wakiomba kupishwa, na wenye vibanda hukata kamba za beli za mitumba. Papo hapo wanunuzi husongamana, kwa kuwa kila mmoja ataka kuchagua wa kwanza. Karani mwenye mshahara mdogo, au mkulima aliyekuja mjini kuuza mazao yake, akisimama hapo kidogo na kuona noti zikipita mkono kwa mkono, husema moyoni mwake, “Hata mimi naweza.”

Pengine aweza kweli. Lakini wale awaonao ni wale waliosalia. Haoni mtu aliyefunga kibanda chake mwezi uliopita akarudi kwao kimya kimya, ng'ombe amekwisha kuuzwa, na karo ya watoto haijalipwa. Kwa hiyo yafaa mtu ajipime kwanza, wala asipimwe na soko.

Hesabu ya beli moja

Beli hununuliwa ikiwa imefungwa. Mnunuzi huambiwa aina ya nguo, daraja lake na nchi zilikotoka, lakini haoni kilichomo mpaka amelipa. Ndani yake mna nguo safi kabisa, ambazo watu wa soko huziita “kamera”. Mna za kadiri. Na mna zilizochakaa.

Chukua mfano wa hesabu tu, maana bei hubadilika. Mtu amenunua beli ya mashati kwa Sh. 20,000, akakuta mashati 200. Mashati 40 mazuri ameyauza kwa Sh. 250 kila moja, akapata Sh. 10,000. Mashati 80 ya kadiri ameyauza kwa Sh. 120, akapata Sh. 9,600. Mengine 60 ameyauza kwa Sh. 50, akapata Sh. 3,000. Yaliyobaki 20 yameraruka, hayakupata mnunuzi. Jumla ni Sh. 22,600. Mtu huyu hufurahi, akisema amepata faida ya Sh. 2,600.

Lakini kazi hiyo ilichukua siku 12. Kila siku alitumia Sh. 150 kwa nauli na chakula, yaani Sh. 1,800. Ushuru na ulinzi, Sh. 50 kwa siku, ni Sh. 600. Mkokoteni wa kuleta beli, Sh. 200. Jumla ya gharama ni Sh. 2,600. Basi faida yake yote imekwisha, naye hajalipa kodi ya kibanda wala hajapata ujira wa siku hizo 12. Asiyeandika habari hizi hatajua kwa nini fedha zake hazizidi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kujifunza katika kibanda cha mwingine

Beli hiyo hiyo ingeweza kuleta faida kwa mtu mwenye ujuzi. Yeye ajua ni muuzaji gani wa beli asiyedanganya, ni nguo zipi zitakiwazo wakati wa baridi ya mwezi wa Julai, na ni saa ngapi ya kupunguza bei ili nguo zisilale. Ujuzi huo haupatikani kwa kutazama.

Mafundi wa Gikomba walilijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1977 Kenneth King alitoa kitabu juu ya mafundi Waafrika wa Kenya, akaeleza jinsi watu waliogeuza mabati makuukuu kuwa taa za mafuta na vifaa vinginevyo walivyojifunza kazi kwa kukaa karibu na fundi mwingine, ndipo wakaanza yao wenyewe. Karani wa leo aweza kufanya vivyo hivyo. Na amwendee mama mwenye kibanda, amwambie kwa adabu, “Mama, niruhusu nikusaidie kuuza kila Jumamosi, nami sitaki mshahara, nataka kujifunza.” Akidumu kwa miezi mitatu bila kuchoka na vumbi, mvua na maneno ya wanunuzi, amekwisha kupata jibu moja kubwa. Akichoka katika wiki ya pili, amepata jibu vilevile, wala halikumgharimu shamba.

Hasara isiyo na mwenye kosa

Yako mambo ambayo hata mfanya biashara hodari hawezi kuyazuia. Usiku wa tarehe 28 Juni 2018 moto uliteketeza sehemu ya Gikomba, na watu 15 wakafa. Moto ulirudi sokoni mwaka 2020 na mwaka 2021. Tena, mwezi Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, serikali ilikataza kuingizwa kwa mitumba kutoka nchi za nje, na katazo hilo halikuondolewa mpaka mwezi Agosti. Waliokuwa na fedha zao zote ndani ya kibanda walijikuta mikono mitupu. Waliokuwa na akiba mahali pengine, au shamba, au chama kilichosimama nao, waliweza kuanza tena.

Mkopo nao wataka busara. Mfuko wa Hustler ulipoanzishwa tarehe 30 Novemba 2022, mtu aliweza kukopa kwa simu kuanzia Sh. 500 hata Sh. 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na kulipa katika siku 14. Riba hiyo ni ndogo. Lakini ikiwa beli yahitaji siku 12 kuisha, mvua ya siku tatu yatosha kumfanya mkopaji mdeni. Mkopo wafaa kukuza biashara ambayo mwendo wake umekwisha kujulikana. Haufai kuwa kipimo cha kujaribia.

Maswali ya kujiuliza

Kabla hajaacha kazi yake wala kuuza mnyama, mtu na ajiulize maswali haya, ayajibu kwa kalamu:

1. Je, nimekwisha kuuza bidhaa hii kwa mikono yangu mwenyewe, katika kibanda cha mtu mwingine au kwa kiasi kidogo?

2. Je, fedha za nyumbani zitakaa mbali na fedha za biashara, hata ndugu akija na shida?

3. Je, mke wangu, au mume wangu, ajua kiasi nitakachotumia, naye amekubali?

4. Je, beli ya kwanza ikipotea yote, watoto watakula na kwenda shuleni mwezi ujao?

Swali la nne ndilo kubwa kuliko yote. Watu wengi hudhani kwamba siku ya kuwa tayari ni siku ile mtu apatapo mtaji. Sivyo. Ni siku ile awezapo kupoteza beli moja, na nyumba yake ikasimama, na yeye mwenyewe akajua kwa nini alipoteza. Asiyefika hapo bado, na aendelee na kazi yake, aweke akiba kidogo kidogo, na kila Jumamosi aende Gikomba kumsaidia yule mama. Soko litakuwapo.